Thumuni Si Nusu: Hesabu za Mirathi na Somo la Kale Kutoka Baghdad



Leo naomba tukae kitako kidogo tuzungumze hesabu. Najua wengine mshaanza kukunja uso, mmekumbuka ubao wa skuli na fimbo ya mwalimu. Tulieni. Hesabu ninayoitaka leo ni ile inayobisha hodi mlangoni siku ambayo hata chai hainyweki.

Shangazi yangu alipofiwa na mumewe, wazee walikaa baada ya hitma wakamwambia kwa upole: "Bibi, wewe na watoto mnajulikana. Fungu lako ni thumuni." Shangazi akaitikia, akashukuru. Usiku ule, yuko ndani ya eda yake, akaniita chumbani akaninong'oneza kwa furaha yenye majonzi: "Mwanangu, Mungu mkubwa. Nimepewa nusu."

Nusu? Nikamuuliza nani kasema nusu. Akanishangaa. "Thumuni si nusu? Thumuni si senti hamsini, na senti hamsini si nusu shilingi?"

Hapo nikanyamaza. Shangazi hakuwa mjinga. Maisha yake yote kauza maandazi na vitumbua, chenji hakosei hata umuamshe usiku wa manane. Hesabu ya kukokotoa alikuwa nayo kwenye ncha za vidole. Alichokosa ni maana ya neno moja. Thumuni ni neno la Kiarabu, maana yake moja ya nane. Sisi huku tulilizoea kama jina la sarafu ya nusu shilingi, na mazoea yale yakamfunika mama wa watu asijue haki yake ni ipi. Nilipomweleza, alilia upya. Hakulilia mali. Alisema, "Kumbe nimekubali jambo nisilolijua."

Kauli ile haijanitoka. Nikaanza kusoma, na nikakuta suala hili ni la kale kuliko tunavyodhani: mtu mzima afundishwe hesabu vipi? Apewe kanuni na mazoezi mpaka mkono uzoee, au afahamishwe kwanza maana yake, kwa nini inakuwa hivi na isiwe vile? Walimu wa elimu ya watu wazima wanabishana mpaka leo. Lakini dada zangu, katika historia yetu ya Kiislamu jambo hili limeshapitiwa, tena kupitia mambo yetu wenyewe: mirathi, mahari, madeni.

Tuanze Madina, zama za Sayyidna Umar bin Khattab, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyeshika ukhalifa kutoka 634 hadi 644. Mafungu ya mirathi yapo wazi katika Suratun Nisaa: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Ukiyahifadhi hayo sita, unadhani umemaliza. Likaja shauri la mwanamke aliyefariki akaacha mume na dada wawili. Mume asiyeachiwa mtoto hupata nusu. Dada wawili hupata thuluthi mbili. Haya, jumlisha. Nusu ni sudusi tatu, thuluthi mbili ni sudusi nne, jumla sudusi saba. Na mali yoyote ile, dada yangu, ina sudusi sita tu.

Mwenye kuhifadhi mafungu peke yake angekwama hapo. Ampe mume nusu yake kamili, dada wapungukiwe? Au aanze kwa dada, mume apungukiwe? Imepokewa kwamba Sayyidna Umar aliwataka ushauri Masahaba, akapigiwa mfano wa deni: mtu kafa kaacha dirhamu sita, na anadaiwa na watu wawili, mmoja tatu na mwengine nne. Utafanyaje? Kila mwenye akili ya soko anajua jibu. Hutamlipa mmoja kamili ukamdhulumu mwengine. Utazigawa zile sita mafungu saba, huyu apate matatu, yule manne. Upungufu unamwingia kila mtu kwa kadiri ya haki yake.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa kanuni ya aul, ambayo wanazuoni wa Kisunni waliifuata, ingawa Ibn Abbas alikuwa na rai yake tofauti. Lakini tazameni namna ilivyofunzwa. Haikuanza na kanuni. Ilianza na deni, kitu ambacho kila mtu mzima anakijua. Maana ikaingia kwanza kupitia jambo la kila siku, kisha kanuni ikafuata nyuma yake.

Baadaye akaja Sayyidna Ali, karamallahu wajhahu. Inasimuliwa kuwa alikuwa juu ya mimbari akihutubu, mtu akasimama akamuuliza kuhusu marehemu aliyeacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Akajibu papo hapo bila kukatisha hotuba yake, kwamba thumuni ya mke imekuwa tusui, yaani moja ya tisa. Mpaka leo wanachuoni wa mirathi wanaiita mas-ala hii Mimbariyya.

Tuifanye pamoja, chukua kalamu. Gawa mali vipande 24. Mke thumuni, vipande 3. Mabinti wawili thuluthi mbili, vipande 16. Baba sudusi, vipande 4. Mama sudusi, vipande 4. Jumlisha: 27. Vipande vipo 24, haki zimefika 27. Basi mali inagawiwa kwa 27, na mke anapata 3 katika 27, ambayo ni moja ya tisa. Sayyidna Ali aliweza kulijibu hilo juu ya mimbari kwa sababu alikuwa na vyote viwili: mkono mwepesi wa kukokotoa, na maana imekaa moyoni. Angekuwa na kimoja tu, asingeweza.

Sasa tusogee Baghdad, zama za Khalifa Al-Ma'mun, aliyetawala kutoka 813 hadi 833. Katika zama hizo Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi aliandika kitabu cha al-jabr wal-muqabala. Ndiyo, hii aljebra iliyotutoa machozi skuli ilipata jina lake hapo. Mimi nilidhani kitabu kile ni cha wataalamu waliojifungia na nyota zao. Kumbe mwenyewe ameeleza mwanzoni kuwa anaandika yale watu wanayoyahitaji katika mirathi, wasia, kugawana, kesi na biashara, na katika kupima ardhi na kuchimba mifereji. Na sehemu ndefu kabisa ya kitabu, ile ya mwisho, ni masuala ya wasia na mirathi, moja baada ya jengine. Mke, mama, mabinti na dada wamejaa humo. Aljebra ililelewa ndani ya nyumba zenye msiba, dada zangu, kwa ajili ya kupeleka haki kwa wenyewe.

Na alifundishaje? Hapa ndipo niliposimama nikampenda mzee huyu. Chukua mfano wake maarufu. Kuna umbo la mraba, hatujui upande wake una urefu gani. Eneo la mraba huo, ukiliongezea pande zake kumi, jumla inakuwa 39. Upande ni ngapi? Kwanza anakupa njia ya kukokotoa: chukua nusu ya kumi, ni 5. Izidishe kwa nafsi yake, 25. Ongeza kwenye 39, unapata 64. Mzizi wake wa mraba ni 8. Toa ile 5, inabaki 3. Jibu ni 3. Jaribu mwenyewe: mraba wa 3 ni 9, na pande kumi za 3 ni 30, jumla 39. Imekubali.

Angeweza kuishia hapo. Jibu limepatikana, mwanafunzi aende zake. Lakini hakuishia hapo. Akachora picha aonyeshe kwa nini.

Wale mnaoshona mikeka mtaiona picha hii kabla sijamaliza kuisema. Una mkeka mdogo wa mraba. Pembeni mwake unashonea ukili wenye upana wa 5, na upande wa pili unaokutana nao kwenye kona unashonea ukili mwengine wa 5. Mkeka na kili zake mbili vina eneo la 39. Lakini kona moja imebaki wazi, ina pengo la mraba wa 5 kwa 5. Ukiziba pengo lile kwa kipande cha 25, umepata mkeka mkubwa wa mraba wenye eneo la 64. Mkeka wa 64 una upande wa 8. Toa upana wa ukili, 5, umerudi kwenye mkeka wako mdogo: 3. Ile 25 iliyotokea kama mazingaombwe kumbe ni kiraka cha kona!

Aliyeshika kanuni peke yake, akisahau hatua moja amepotea. Aliyeuona mkeka, akisahau kanuni ataitengeneza upya mwenyewe. Basi hapo ndipo ulipo ushindi wa wanaosema maana iwe mbele.

Lakini msiharakishe kuwapa kombe. Historia ina upande wa pili.

Kiasi cha miaka mia moja na zaidi baadaye, Baghdad hiyohiyo, aliishi Abul Wafa Al-Buzjani. Alizaliwa 940 huko Buzjan, Khorasan, akahamia Baghdad akiwa kijana mnamo 959, akafariki 998. Bwana huyu alikuwa mtaalamu mkubwa wa nyota na pembe, lakini aliandika pia vitabu kwa watu wazima wenye kazi zao. Kimoja ni cha hesabu wanazozihitaji makarani na maofisa. Ndani yake hakutumia tarakimu hata moja. Namba zote zimeandikwa kwa maneno, kwa sababu makarani wa wakati ule walikokotoa kichwani na kwa vidole. Hakuwalazimisha waache walichokijua ndipo awafundishe. Alipowafundisha kutoa namba kubwa kutoka ndogo, ile inayobaki chini ya sifuri akaiita deni. Tena deni! Mwalimu mwema wa watu wazima anajua wanafunzi wake wanakosa usingizi kwa sababu gani.

Kitabu chake kingine ni cha maumbo, kwa ajili ya mafundi. Humo anasimulia kuwa alihudhuria mkutano wa mafundi na wataalamu wa jiometri, mjadala ukawa huu: una miraba mitatu iliyo sawa, uikate na kuipanga upate mraba mmoja mkubwa. Kazi ya vigae hiyo, na wenzangu wa kuunganisha vipande vya vitambaa mnaielewa. Mafundi walikuwa na njia zao, wanakata wanapanga, na kwa jicho kazi inapendeza. Lakini zilikuwa na kosa, kwa sababu walitegemea jicho na mazoea, hawakuwa na uthibitisho. Wataalamu nao walijua kwa hakika mraba mkubwa unatakiwa uwe na upande wa urefu gani, wakauchora. Ila waliposhikishwa vipande waoneshe vikatwe wapi, ikawa kazi. Mwenye uthibitisho hajui kushika mkasi, na mwenye mkasi hajui kosa lake liko wapi.

Abul Wafa hakumcheka yeyote. Akatoa njia yake: mraba mmoja uweke katikati, miwili iliyobaki uikate kwa mshazari upate pembetatu nne, uzipange kuuzunguka ule wa kati, kisha vinavyochomoza nje uvikate uzibe navyo mapengo. Njia hiyo fundi anaweza kuikata kwa mkono wake, na mtaalamu anaweza kuithibitisha. Mimi naona mizani ya suala letu ndiyo hiyo. Fundi anahitaji uthibitisho, na uthibitisho unahitaji mkono wa fundi.

Turudi nyumbani sasa. Mwalimu Nyerere alitangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kisha zikachaguliwa wilaya sita za Tanzania Bara zifute ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ifikapo mwisho wa 1971. Mojawapo ilikuwa kisiwa cha jirani zetu, Mafia. Mama zetu kule walikwenda kisomoni na buibui zao, na watoto mgongoni. Mikoa ya Ziwa, mradi ulioungwa mkono na UNESCO wenye makao yake Mwanza ulitengeneza vitabu vya kusomea vilivyofungamana na kazi za watu: pamba, ndizi, uvuvi, maarifa ya nyumbani. Kikaitwa kisomo chenye manufaa. Agosti 1975 ukafanyika mtihani wa nchi nzima wa kusoma, kuandika na kuhesabu. Wasiojua kusoma walikuwa asilimia 67 mwaka 1967, na baada ya mtihani ule wakahesabiwa asilimia 39. Si kazi ndogo ile, Allah awalipe walimu waliojitolea.

Wazo la kufungamanisha hesabu na kazi ni lilelile la dirhamu sita na madeni ya saba. Mama anayeuza nazi kwa korja anajua tayari kuwa korja mbili na nusu ni nazi hamsini. Anayepima mchele anajua vibaba vinne ni pishi. Ukimfundisha robo kwa kibaba na pishi, hujamfundisha kitu kigeni, umemwonesha jina la kitu anachokishika kila siku.

Lakini shangazi yangu naye alikuwa na chenji zake, maandazi yake na thumuni yake. Mazoea ya kazi yalimbeba miaka arobaini, yakamwangusha siku moja. Kwa hivyo manufaa peke yake hayatoshi. Lazima mtu mzima aulizwe pia: hii thumuni ni thumuni ya nini? Moja ya nane ya kitu gani hasa?

Na hilo "ya nini" ndilo lenye uzito, hasa kwako wewe bibi harusi. Tuchukue mfano. Mume kafariki, kaacha shilingi 12,000,000. Kaacha mke, mabinti wawili, baba na mama, kama ile Mimbariyya. Gharama za maziko zimeshalipwa na hakuna wasia. Mwenye kushika kanuni tu atachukua kikokotoo, agawe 12,000,000 kwa tisa, amwambie mke apokee kama 1,333,000. Hesabu yake haina kosa hata moja. Kikokotoo hakikusema uongo.

Ila kuna jambo hakuuliza. Mahari ya mke huyu ilikuwa na sehemu iliyoahirishwa, shilingi 1,200,000, ambayo marehemu hakuwahi kuilipa. Hiyo si mirathi, dada yangu, hilo ni deni, na deni linatoka kabla ya mali kuitwa mirathi. Basi mke analipwa kwanza 1,200,000 zake. Zinabaki 10,800,000. Hizo ndizo za kugawa kwa 27, kila kipande 400,000. Mke vipande 3, ni 1,200,000. Mabinti vipande 16, ni 6,400,000, kila mmoja 3,200,000. Baba 1,600,000, mama 1,600,000. Jumlisha uone kama hazirudi 10,800,000. Mke ameondoka na 2,400,000 badala ya 1,333,000 na kitu.

Tofauti hiyo ya milioni moja na zaidi haikuletwa na kukokotoa kwa kasi. Imeletwa na kujua nini kinagawiwa na lini kinaanza kuwa mirathi. Na ukigeuza upande wa pili, mwenye kujua maana yote hiyo lakini hawezi kugawa kwa 27, naye atakaa anatazama midomo ya watu mpaka jioni.

Kwa hiyo nikiulizwa, darasa la wanawake watu wazima lianze na nini, ninasema lianze na maana, kupitia kitu wanachokijua: deni, kibaba, ukili, mahari. Kisha, bila huruma, mazoezi mpaka mkono uzoee. Tusiwafanye mama zetu wahifadhi sudusi na thumuni kama kasida isiyo na tafsiri. Na tusiwape maelezo matamu wakaondoka hawawezi kugawa hata mafungu ya samaki.

Kwako bibi harusi, hati ya ndoa ikiletwa, soma palipoandikwa mahari. Kilicholipwa ni kiasi gani, kilichoahirishwa ni kiasi gani. Iandike na uihifadhi pamoja na dhahabu zako, kwa sababu ni mali yako kama bangili zako. Kuuliza si kukosa adabu wala si kumtakia mume mabaya. Na siku ya mirathi ikifika, mgao wenyewe tuwaachie wenye elimu, kadhi na Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, ila sisi tuwe tunaofahamu tunachotia saini.

Shangazi yangu yu hai, alhamdulillahi. Baada ya eda alijiunga na darsa la alasiri. Juzi nimemkuta barazani na wenzake, kawapangia mbegu za maboga 24 kwenye sinia, anawauliza: "Mke, mabinti wawili, baba na mama. Haya, gaweni." Wakagawa, mbegu zikaisha mikononi na mama mkwe hajapata zaidi ya moja. Wakashangaa. Shangazi akacheka, akasema, "Sasa tuanze kusoma."

Allah atupe elimu yenye manufaa, atuhifadhie haki zetu na za mayatima wetu, na awarehemu walimu wetu wote waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.